Mtwara au Lindi? Kwa anayehamia kusini na hajui ashukie wapi

Kila mwaka barua za uhamisho zinapotoka, simu yangu hulia. Huwa ni binamu, shoga wa zamani wa Morogoro, au mtu aliyepewa namba yangu na mtu mwingine. Swali ni lilelile: "Dada, tumepangiwa kusini. Tukae Mtwara au Lindi?" Wengine hawajapangiwa na yeyote. Wana mtaji mdogo, wamechoka na kodi za nyumba za Dar es Salaam, na wamesikia kuwa kusini kuna nafasi.

Nimeishi Lindi miaka mitatu, mume wangu akiwa mwalimu, kisha tukahamia Mtwara, ambako sasa ni mwaka wa sita. Nauza vitenge na kanga. Miji yote miwili ninaipenda, na katika yote miwili yapo yaliyoniumiza. Kati yao kuna kilomita 100 na ushee za lami. Mtu anaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo, lakini maisha ya mji mmoja hayafanani na ya mwingine hata kidogo.

Nitaipima kwa mambo haya: pesa yako itatoka wapi, nyumba, maji na umeme, mtoto akiugua na akifika umri wa shule, njia ya kuingia na kutoka, jikoni, na watu utakaoishi nao. Bahari nimeiacha nje kwa makusudi. Miji yote miwili inayo, ni nzuri kwa wote, na hakuna aliyewahi kulipa ada ya shule kwa uzuri wa ufukwe.

Pesa inatoka wapi

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kusini tunaishi kwa kalenda ya mazao. Minada ya korosho huanza karibu Oktoba, wakulima hulipwa kupitia vyama vyao vya ushirika, na Novemba na Desemba mji hubadilika sura. Pikipiki mpya, mabati, magodoro, vitenge vya harusi, vyote hununuliwa wakati huo. Ikifika Februari, kumenyamaza. Mgeni aliyefungua duka Novemba hudhani amegundua dhahabu, na Machi hudhani amerogwa. Hajarogwa. Ameuona mwaka nusu tu.

Mtwara ndio mkoa wa korosho hasa, kwa Tandahimba, Newala na Masasi. Bodi ya Korosho ina makao yake makuu Mtwara mjini, na kituo cha utafiti cha Naliendele, kilichotoa mbegu bora nyingi za mikorosho, kiko ndani ya manispaa. Lakini Mtwara mjini ina miguu mingine ya kusimamia. Kuna bandari yenye kina kirefu, ambayo Waingereza waliianza kwa ajili ya ule mradi wa karanga wa miaka ya 1940, na leo inapakia makaa ya mawe kutoka Ruvuma pamoja na korosho zenyewe, tangu serikali ilipoelekeza zipite hapa badala ya kubebwa kwa malori hadi Dar es Salaam. Kuna gesi ya Ghuba ya Mnazi, huko Msimbati, na kuna kiwanda cha saruji cha Dangote. Kuna vyuo, na wanafunzi hula, hupanga vyumba, hunyoa na kusuka mwaka mzima. Ndiyo maana hata Februari huwa nauza kidogo.

Miguu hiyo nayo huteleza. Gesi iliposhika vichwa vya watu, kati ya 2011 na 2014, kodi zilipanda, viwanja vikauzwa kwa bei ya Dar es Salaam, nyumba za kulala wageni zikaota kila kona. Bomba la kwenda Dar es Salaam lilipokamilika mwaka 2015 na wageni wengi kuondoka, nyumba nyingi zilibaki tupu. Mpaka leo ukitembea Mtwara utaona maghorofa yaliyoishia kwenye nguzo. Wenyewe wanayajua ni ya miaka gani.

Lindi inaegemea ofisi za serikali, uvuvi, na mazao ya wilaya zake. Jambo zuri ni ufuta. Lindi ni miongoni mwa mikoa inayoongoza nchini kwa zao hilo, na minada yake huwa katikati ya mwaka, kisha hufuata mbaazi. Kwa hiyo mkoa wa Lindi unapata pesa zaidi ya mara moja: ufuta Juni na Julai, korosho mwisho wa mwaka. Kwa mfanyabiashara wa mazao hiyo ni faida kubwa. Kwa mwenye duka mjini Lindi faida inapungua, kwa sababu wilaya zenyewe hazipitii mjini. Mtu wa Nachingwea, Masasi iko karibu kwake kuliko Lindi mjini. Mtu wa Kilwa anatazama Dar es Salaam. Lindi ni makao makuu ya mkoa ambao mifuko yake mingi hufunguliwa kwingine, na hili nililijifunza nikiwa tayari nimelipia fremu ya mwaka mzima.

Kuhusu kiwanda kikubwa cha kusindika gesi asilia kinachosubiriwa Likong'o, ndani ya manispaa ya Lindi: wananchi wa eneo lile walishalipwa fidia, na majadiliano na kampuni yamekwenda kwa miaka mingi. Kikija, Lindi itageuka. Mimi nakusihi usinunue kiwanja wala kuhamisha familia kwa ajili ya jambo ambalo halijachimbiwa msingi. Nunua kama mji unakufaa ulivyo leo.

Kwa mwenye mshahara wa kila mwezi, yote haya hayamsumbui sana, na pesa yake hukaa muda mrefu zaidi Lindi, kwa sababu vishawishi vya kuitumia ni vichache. Kwa anayetegemea wateja wa kila siku, Mtwara inasamehe makosa zaidi.

Nyumba, maji na umeme

Mtwara ilipimwa na kupangwa kabla ya kujengwa. Barabara zake ni pana, na katikati ya mji kuna nafasi za wazi ambazo mgeni hushangaa kuzikuta. Shangani, upande wa bahari, ndiko kwenye nyumba kubwa zenye ua na miti, na kodi yake inalingana na hadhi. Familia ya kipato cha kawaida hutazama Chuno, Ligula, Majengo, Chikongola, Magomeni, Ufukoni. Mikindani, kama kilomita 10 kutoka katikati ya mji, ni mji wa zamani kuliko Mtwara yenyewe, una nyumba za mawe na boma la Wajerumani la 1895. Nyumba huko ni nafuu, mradi uwe tayari kwa nauli ya kila siku.

Lindi imebanwa kati ya vilima na ghuba. Mitaa yake ya zamani iko chini karibu na maji, mipya inapanda. Mtanda, Mikumbi, Rahaleo, Wailes na Rasbura ndiyo majina utakayoyasikia kwa dalali. Angalizo dogo linaloweza kukuokolea nauli: Lindi mjini kuna kata inaitwa Nachingwea, na kuna wilaya ya Nachingwea iliyo mbali bara. Rahaleo nayo iko Lindi na iko Mtwara. Ukiambiwa nyumba ipo Nachingwea, uliza ni Nachingwea ipi.

Kwa ukubwa, sensa ya 2012 iliikuta Mtwara Mikindani na watu 108,299 na Lindi na watu 78,841. Ukisoma takwimu za 2022 utaona Lindi imezidi sana, lakini manispaa ile iliongezewa kata za upande wa Mchinga baada ya sensa ile ya 2012. Mji unaotembea kwa miguu bado ni uleule mdogo.

Kodi Lindi ni nafuu zaidi kwa nyumba ya aina moja. Tatizo ni kwamba nyumba za kujitegemea zenye choo cha ndani ni chache, na nzuri huenda kwa kujuana kabla hazijamfikia dalali. Mtwara zipo nyingi, na tangu ule wakati wa gesi upite, mpangaji ana nguvu ya kujadiliana. Kote kuwili tayarisha kodi ya miezi 6 mkononi.

Maji. Lindi ilikuwa na sifa mbaya ya kiu kwa miaka mingi, mpaka mradi wa Ng'apa ulipokamilika. Umeleta nafuu ya kweli, na mwanamke aliyekuwa akiamka saa tisa usiku kufuata ndoo ataniunga mkono. Hata hivyo mitaa ya juu haipati sawa na ya chini. Mtwara nayo ina siku zake za kukatika. Popote utakapopanga, uliza kama kuna simtanki kabla hujauliza rangi ya ukuta.

Umeme wa miji yote miwili kwa miaka mingi umetoka kwenye mitambo ya gesi ya Mtwara. Ukizimika Mtwara, mara nyingi na Lindi wako gizani, kwa hiyo hapa hakuna la kuchagua.

Na chumvi. Hewa ya bahari hula bati, nondo, feni na redio. Ukijenga, usibane pesa kwenye bati.

Mtoto akiugua, mtoto akisoma

Usiku mmoja Lindi mwanangu wa pili alishikwa na homa, na mume wangu alikuwa safarini. Jirani, mama mtu mzima tuliyemwita Bibi mtaa mzima, alisikia kilio, akaja na kanga begani, akampigia mjukuu wake mwenye bajaji. Dakika chache baadaye tulikuwa hospitalini. Lindi mjini hakuna mahali pa mbali, na hilo usiku lina uzito wake. Hospitali ya mkoa, Sokoine, inatosha kwa mengi ya kawaida.

Kwa mazito, Mtwara imeiacha Lindi. Mbali na hospitali ya mkoa ya Ligula, sasa kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo. Kabla haijafunguliwa, maradhi ya kibingwa yalimaanisha Dar es Salaam na usiku mzima wa basi. Mwenye kisukari cha muda mrefu, mzazi mzee, au mtoto anayehitaji daktari bingwa mara kwa mara, ninamwambia bila kuzunguka aipe Mtwara uzito kwenye kipimo hiki. Hospitali za misheni za Nyangao na Ndanda, zilizoko kwenye barabara ya Mingoyo kwenda Masasi, zinafikika kutoka miji yote miwili, na watu wa kusini wanaziamini kwa muda mrefu.

Shule za msingi na sekondari zipo kote. Za binafsi Mtwara ni nyingi zaidi. Baada ya kidato cha nne na cha sita tofauti hukua: Mtwara kuna chuo kikuu kishiriki cha Stella Maris, kampasi ya Taasisi ya Uhasibu, Chuo cha Utumishi wa Umma, vyuo vya ualimu na VETA. Lindi nayo ina VETA yake, lakini kijana anayetaka shahada mara nyingi hufunga begi.

Njia

Dar es Salaam hadi Lindi ni kama kilomita 450, na Mtwara unaongeza hizo 100 na ushee. Wazee watakusimulia miaka kabla ya Daraja la Mkapa pale Rufiji, lililofunguliwa 2003, masika yalipokuwa yakiifunga kusini kwa wiki na wiki. Msidhani hadithi hiyo imekwisha kabisa. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara maeneo ya Somanga, na kwa siku kadhaa hakuna basi lililopita. Tulikuwa na bidhaa njiani. Tangu siku hiyo siagizi mzigo mkubwa kati ya Machi na Mei.

Hapo Mtwara ina faida moja ya wazi: ndege za abiria za ratiba. Uwanja wake uko karibu na mji na umepanuliwa. Mtu wa Lindi anayetaka kuruka huenda Mtwara. Kwa upande wake, mtu wa Lindi anafika Dar es Salaam kwa basi mapema zaidi, na akiwa na shughuli Kilwa au Ruangwa, amekaa mahali pazuri zaidi ya mimi.

Ndani ya mji, Lindi unatembea kwa miguu na bodaboda ni ya kujivunia tu. Mtwara imetawanyika, na kwa familia yenye watoto wawili shuleni, nauli ya bajaji iweke kwenye bajeti tangu mwanzo.

Jikoni

Samaki ni wazuri kote. Lindi unamfuata mvuvi karibu na mtumbwi wake, na bei ya jioni ni tofauti na ya asubuhi. Mtwara wanakwenda soko la samaki la Feri, kuna aina nyingi zaidi na wachuuzi wengi zaidi kati yako na mvuvi. Muhogo, kisamvu, nazi, pweza, ming'oko ya kuchemsha wakati wake, na mabibo msimu wa korosho, hivi vitakulisha popote. Vinavyotoka mbali, yaani viazi mviringo, karoti, kabichi na vitunguu vizuri, ni ghali kuliko ulikozoea, na Lindi siku nyingine havipo kabisa. Nilipotoka Morogoro, hicho ndicho kilichonitoa machozi mwezi wa kwanza. Sasa watoto wangu hawali ugali bila samaki.

Watu

Katika haya yote hiki ndicho kigumu kupima, na ndicho kinachoamua kama mtu atabaki.

Lindi mgeni huonekana. Wiki ya pili sokoni walishanijua kuwa ni mke wa mwalimu, na wiki ya nne walishajua mume wangu hapendi bamia. Wamwera, Wamachinga, Wamakonde na Wayao wamekaa pale pamoja muda mrefu, na salamu haina haraka. Ukipita bila kusalimia utaulizwa kama una tatizo. Msiba ukitokea mtaa mzima unahamia kwenye jamvi, na wewe pia unatazamiwa. Nilipojifungua Lindi, chakula kilikuja kwa zamu siku 40 bila mimi kuomba. Na nilipotaka kunyamaza na jambo langu la nyumbani, sikuweza. Yote mawili hutoka kwenye kisima kimoja.

Mtwara wenyewe huiita "Mtwara kuchele", kumekucha. Ni mji wa Wamakonde zaidi, pamoja na Wamakua, Wayao, na watu wenye ndugu ng'ambo ya mto Ruvuma. Kwa sababu ya bandari, viwanda na vyuo, wageni ni wengi, kwa hiyo ugeni wako haumshughulishi mtu. Utapata uhuru, lakini jirani itakubidi umtafute. Mwaka wangu wa kwanza Mtwara nilikuwa mpweke kuliko nilivyowahi kuwa. Kilichoniokoa ni kikoba cha wanawake 18 wa mtaani. Nilijiunga kwa ajili ya mkopo, nikapata dada.

Jambo linalohusu miji yote: pwani hii ni ya Waislamu wengi. Ramadhani migahawa mingi hufungwa mchana, Lindi zaidi ya Mtwara, na mavazi ya heshima hufungua milango. Makanisa yapo na yana nguvu, hasa kwa urithi wa misheni za Ndanda na Nyangao. Msimu wa jando na unyago, ngoma zitapita mbele ya mlango wako hadi usiku wa manane. Wasalimie, uwape pongezi wazazi. Ukilalamikia kelele utakuwa umejitambulisha vibaya.

Nani akae wapi

Mtumishi wa serikali mwenye watoto wadogo, anayetaka kuweka akiba na kujenga taratibu: Lindi itakufaa, hasa kama mke au mume ana kazi ya kufanyia nyumbani au shamba la kulisimamia. Ukiwa na mgonjwa wa kudumu ndani ya nyumba, fikiria tena.

Mfanyabiashara wa rejareja, fundi nguo, msusi, mwenye mgahawa: anza Mtwara, karibu na vyuo au soko, na uwe na akiba ya kukuvusha kuanzia Februari hadi Mei. Anayenunua na kuuza mazao, afadhali Lindi, lakini ghala lako liwe huko bara yaliko mazao.

Wazazi wenye vijana wa sekondari ya juu wataona urahisi Mtwara. Wastaafu nimewaona wakifurahi kote: wanaopenda kujulikana hutulia Lindi, wanaopenda utulivu wa jiwe na bahari huenda Mikindani. Anayefanya kazi kwa kompyuta na husafiri mara kwa mara atahitaji ule uwanja wa ndege. Msichana au mvulana anayeanza maisha peke yake, na hataki mtaa mzima umuulize ataoa au kuolewa lini, Mtwara itampa nafasi ya kupumua.

Na wale ambao mmoja kapangiwa Lindi na mwenzake Mtwara, wapo ninaowajua wanaoishi mji mmoja na mwingine akirudi Ijumaa. Inawezekana. Panga karibu na barabara kuu, ili basi la jioni likushushe mlangoni.

Kabla ya kulipa kodi ya popote, njoo Februari, usije Novemba. Lala kwa mwenyeji siku tatu, katikati ya wiki. Asubuhi na mapema fungua bomba la nyumba unayoitaka, kisha nenda sokoni ukaulize bei ya kitunguu, na urudi jioni umwulize jirani wa ukuta wa pili ni nani aliyehama hapo na kwa nini.